Kula bila gluteni chuoni Mtwara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilisoma Mtwara miaka mitatu, na miwili na nusu kati ya hiyo sikuonja ngano. Tangu nihitimu, kila msimu wa udahili napata maswali kutoka kwa wadogo zangu wanaokwenda kuripoti Stella Maris, TIA (Taasisi ya Uhasibu), vyuo vya ualimu na vya afya, na wakati mwingine kutoka kwa wazazi wao. Nimeyakusanya hapa. Mimi si daktari. Najibu kama mtu aliyepanga foleni ya kantini kila siku akiwa na seliaki, ugonjwa unaofanya gluteni ya ngano iharibu utumbo. Kama una haraka, soma swali la chai ya asubuhi na lile la kuzungumza na mama wa jikoni, maana huko ndiko wengi wanakoumia.

Gluteni ni nini?

Ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nchi za baridi ambayo huku hatuioni. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika na andazi liumuke likashika umbo. Mahindi, mchele, mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, kunde, mbaazi na choroko havina.

Dada, seliaki ni sawa na aleji ya ngano?

Hapana, mdogo wangu. Kwenye seliaki, gluteni ikifika tumboni kinga ya mwili inaushambulia ukuta wa utumbo mwembamba. Vile vijidole vidogo vinavyofyonza chakula vinalika hadi utumbo unakuwa laini kama sakafu, halafu unakula vizuri na bado unakonda, damu inapungua, mifupa inadhoofu. Madhara yanakuja polepole. Aleji ya ngano inakuja kwa kasi: vipele, midomo kuvimba, pumzi kubana, wakati mwingine ndani ya dakika chache, na inaweza kuua siku hiyohiyo. Wapo pia watu ambao ngano inawasumbua tumbo ingawa vipimo vya seliaki na vya aleji vyote havioni kitu.

Hata hivyo jikoni sema "aleji". Ndilo neno linaloeleweka na kila mtu, na linamfanya anayepakua asite. Maelezo ya vijidole vya utumbo muwekee daktari.

Lakini huu si ugonjwa wa Wazungu?

Swali hili linaniuma, kwa sababu ndilo lililonichelewesha. Muhula wa kwanza niliharisha, nikapungua hadi sketi zikanivuka, nikawa nachoka kupanda ngazi za darasani. Zahanati moja ilinitibu taifodi mara tatu. Hakuna aliyefikiria ngano, na mimi mwenyewe nilikuwa nakula chapati zaidi nikitafuta nguvu.

Ukweli ni kwamba seliaki inampata takriban mtu 1 kati ya 100 duniani, na kiwango kikubwa zaidi kinachojulikana kimeonekana hapahapa Afrika, kwa watoto wa Wasaharawi wa Sahara Magharibi, ambako zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nayo. Kinachohitajika ni kuwa na vinasaba vyake na kula ngano. Zamani huku Kusini ngano ilikuwa kitu cha sikukuu. Siku hizi iko mezani kila asubuhi.

Jinsi ilivyogunduliwa nayo inafaa kuijua. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa tayari ameanza kuushuku mkate tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 na 1945 Uholanzi ilikumbwa na njaa ya vita, mkate ukawa adimu, na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu katikati ya njaa hiyo. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Mwaka 1950 akaandika tasnifu yake kuhusu jambo hilo. Kabla ya hapo watoto hao walikuwa wakifa bila mtu kujua kinachowaua.

Niache ngano kwanza nione, au nipimwe kwanza?

Pimwa kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza ukiwa unakula gluteni. Ukiacha ngano mwezi mzima halafu ukapimwa, majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa unao, na itabidi uanze kula ngano upya wiki kadhaa ili upimwe tena. Nimeona mtu akilazimika kufanya hivyo. Ni mateso.

Anza hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kama uko Mtwara mjini au Sokoine kama uko Lindi. Mweleze daktari dalili zako zote, pamoja na upungufu wa damu na ndugu wa damu wenye shida kama yako, halafu taja neno seliaki wewe mwenyewe. Kwanza wataangalia minyoo, amiba, taifodi na malaria, na wana haki ya kufanya hivyo, maana pwani yetu vyote vipo. Kama vyote havipo na bado unaharisha, omba rufaa. Kuthibitisha kunahitaji kamera ishushwe tumboni na kukatwa vinyama vidogo vya utumbo vikapimwe, kazi inayofanyika hospitali kubwa kama Muhimbili.

Mchana na usiku kantini nile nini?

Hapa Mtwara inakubeba, na nasema hivyo kwa shukrani. Ugali wa sembe au dona, wali, makande, maharage, mbaazi za nazi, kisamvu, mchicha, dagaa, samaki wa kuchemsha, nyama ya mchuzi, pilau: vyote ni vyakula ambavyo mwenye seliaki anakula kama walivyo. Rafiki yangu anayesoma nje ananiambia hutembea na begi la mkate maalumu wa bei ghali. Mimi nilipanga foleni moja na wenzangu na kutoka na sahani ileile.

Vya kuepuka vinajulikana kwa macho: chapati, mkate, maandazi, sambusa, tambi, keki, kalimati. Vya kuuliza ndivyo vinavyotega. Samaki wa kukaanga huenda amepakwa unga wa ngano asigande kwenye karai. Kachori na katlesi mara nyingi huvikwa uji wa ngano. Soseji nyingi zina unga au chenga za mkate ndani. Rosti nzito kupita kawaida, uliza imeongezewa nini. Sosi ya soya nyingi hutengenezwa kwa soya na ngano.

Na chai ya asubuhi? Kantini kuna maandazi na chapati tu.

Asubuhi ndiyo vita yenyewe. Unatoka hosteli una njaa, kipindi kinaanza saa moja na nusu, na meza nzima ni ngano: maandazi, chapati, mkate, hafukeki. Wengi wanashindwa hapa, wanasema "leo tu".

Mimi niliokolewa na akina mama wa nje ya geti. Mihogo ya kuchemsha na viazi vitamu huwa vimeiva kabla hakujapambazuka. Mayai ya kuchemsha hayana mjadala. Na kwa aliyekuja kutoka mikoa mingine, acha nimtambulishe kwa ming'oko: mizizi ya porini inayochimbwa huku kwetu Mtwara na Lindi, inachemshwa na kuuzwa kwenye mabeseni. Ukiizoea, utaitafuta hata ukihama. Korosho na karanga za kukaanga nazo weka mfukoni kila siku, maana njaa ya saa nne ndiyo inayokusukuma kwenye andazi.

Watu wa pwani tunapenda mbaazi za nazi kwa maandazi. Zile mbaazi usiziache. Kula hizo kwa muhogo.

Vitumbua vinahitaji swali moja. Kitumbua halisi ni mchele uliolowekwa na kusagwa, nazi, sukari, hiliki na hamira, kwa hiyo ni salama. Ila wapo wanaochanganya unga wa ngano ili mchele uende mbali. Muulize muuzaji, "Mama, vitumbua vyako ni mchele mtupu?" Niligundua kwamba anayetumia mchele mtupu huona fahari kukujibu. Anayesita, nunua muhogo.

Uji je?

Uji wa sembe, mtama, ulezi au mchele, kunywa. Uji wa lishe, uliza kwanza, kwa sababu mchanganyiko wake mara nyingi una ngano. Tena ukipeleka nafaka zako mashineni kusaga, uliza kilichosagwa kabla yako. Kama ni lishe yenye ngano, subiri mtu wa mahindi atangulie.

Majina nayo yanatuchanganya. "Shayiri" ndiyo nafaka yenye gluteni, lakini madukani wapo wanaoita oti shayiri pia. Oti zenyewe hazina gluteni ya ngano, ila hulimwa na kusagwa pamoja na ngano kiasi kwamba pakiti ya kawaida si salama. Mimi naziacha zote mbili. Na "kimea": kimea cha ulezi au mtama hakina shida, kimea cha shayiri kina shida. Vinywaji vya kopo kama Milo na soda za kimea vinatumia cha shayiri.

Nimwambieje mama wa jikoni bila kuonekana ninajidai?

Nenda saa nne asubuhi, chai imekwisha na sufuria za mchana ndiyo kwanza zinabandikwa. Usimwambie kwenye foleni huku watu ishirini wanasubiri nyuma yako. Atakuitikia tu ili upite. Msalimie ipasavyo, halafu sema kwa maneno yako kitu kama hiki:

"Shikamoo mama. Samahani, naomba dakika mbili. Nina aleji kali ya ngano, hata kidogo naumwa. Chakula chako nakula vizuri, sitaki unipikie peke yangu. Naomba tu kujua: mafuta ya karai yamekaangia nini leo? Na mwiko wa wali huwa unagusa tambi?"

Maswali hayo mawili, la mafuta na la mwiko, yana kazi kubwa kuliko kuuliza "hiki kina gluteni?" Neno gluteni halimwambii kitu, na kosa si lake.

Nilijifunza kwa maumivu. Baada ya kuacha ngano nilikuwa nakula chipsi dume za kantini, nikijiaminisha kwamba muhogo ni muhogo. Tumbo halikupona. Siku niliyokwenda jikoni ndipo nilipoona karai ni moja: alfajiri inakaanga maandazi, ikifuata sambusa, halafu mihogo. Moto haui gluteni. Chenga zinabaki kwenye mafuta na kushika chakula kinachofuata.

Nilipomweleza, mama yule alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, muhula mzima unaumwa na hukusema?" Kesho yake akageuza mpangilio. Mihogo ikatangulia kwenye mafuta mapya, maandazi yakafuata. Hakutumia hata senti ya ziada. Baadaye akawa ananipakulia wa kwanza, kabla vijiko havijachanganyika kwenye masufuria, na kuniwekea kwenye hotipoti yangu. Alifanya hivyo hadi tenda ya kantini ilipokwenda kwa mtu mwingine, nikaanza upya na jiko jipya.

Kwa hiyo kila mzabuni akibadilika, au zamu, rudia maelezo. Kama jiko halisikii, peleka nakala ya cheti cha daktari kwa mshauri wa wanafunzi na kwa viongozi wa serikali ya wanafunzi. Ombi liwe dogo na lenye kushikika: karai moja isiyogusa ngano, au mpangilio wa kukaanga ubadilishwe. Ombi la "chakula maalumu" hukaa kwenye faili.

Kweli kichenga kinaweza kunidhuru? Au ni woga?

Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya kama gramu 2. Wagonjwa wengi huvumilia isiyozidi miligramu 10 kwa siku, na miligramu 50 kila siku zimeonekana kuharibu utumbo ndani ya miezi mitatu. Gawanya kipande hicho cha mkate mara arobaini: sehemu moja tu kila siku inatosha kukudhuru. Kiwango cha kimataifa cha chakula kuandikwa kwamba hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo.

Kwa hiyo si woga. Kuchovya kwenye bakuli la mchuzi ambalo wenzako wanachovyea chapati ni kula chapati. Mwambie rafiki yako akupakulie pembeni kabla hawajaanza.

Nikipika mwenyewe geto?

Ni rahisi na boom, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, linadumu zaidi. Ukikaa na mwenzako anayependa chapati, kuwa na vitu vyako vitatu: mwiko, chujio na kikaango. Mwiko wa mti una nyufa zinazoficha unga hata ukisuguliwa. Sufuria ya chuma ikioshwa vizuri haina tatizo. Siku anayokanda ngano, funika chakula chako, kwa sababu unga unapeperuka.

Pakiti nyingi za dukani zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo kariri maneno manne: wheat ni ngano, barley ni shayiri, rye ni rai, malt ni kimea. Soma hasa vibonge vya mchuzi, hamira ya unga, soseji na krispi zenye viungo.

Jambo jingine linanisumbua kwa sababu wenye kuacha ngano huhamia kwenye muhogo kwa nguvu zote. Muhogo mtamu uliomenywa na kuchemshwa, kula. Makopa na unga wa muhogo mchungu nunua kwa mtu unayemwamini kwamba ameuloweka au kuuvundika na kuukausha ipasavyo, maana muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla unaotokana na kula muhogo usiochakatwa vizuri huku mtu hapati protini ya kutosha, uliripotiwa mkoani Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kula muhogo na dagaa, samaki, kunde au mayai, na ubadilishane na sembe, mtama na wali. Hilo linakusaidia pia kurudisha damu, kwa kuwa seliaki huondoka na madini ya chuma.

Mwezi wa Ramadhani nikialikwa futari?

Magimbi, mihogo na ndizi za nazi, kunde, samaki wa kupaka: karibu kula. Tambi, kalimati na boko boko acha, kwani boko boko ni ngano yenyewe iliyopondwa na nyama. Uji wa pilipili manga uliza umepikwa kwa mchele au ngano. Mkate wa kumimina na vibibi ni mchele, ila swali ni lilelile la vitumbua.

Kwenye sinia la pamoja mwambie mwenyeji mapema, kabla ya siku. Kumwambia ukiwa umeshakaa mkekani kunamuumiza, ataona amekukosea.

Na Ekaristi?

Nilipata swali hili kutoka kwa binti aliyekuwa amekaa mwaka mzima bila kukomunika na hakumwambia mtu. Kanuni za Kanisa Katoliki zinataka hostia ya ngano tupu, na barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilirudia kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila ile yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa. Njia nyingine ni kupokea Damu ya Kristo peke yake, nayo ni komunyo kamili. Mwombe padre kikombe kidogo cha pembeni, kwa sababu kwenye kikombe chake yeye hudondosha kipande cha hostia. Mfuate sakristia kabla ya misa.

Bia?

Bia za kawaida zinatengenezwa kwa shayiri. Acha.

Nimepangiwa mafunzo kwa vitendo Liwale. Nitaishi vipi?

Kwa kweli wilayani ni rahisi kuliko mjini. Nachingwea, Newala, Tandahimba, Liwale, nyumba nyingi jioni zinapika ugali, wali, kunde, mbaazi na kisamvu. Shida ni ukarimu: mgeni anapikiwa chapati ili aheshimiwe. Siku ya kwanza tu mwambie mama mwenye nyumba kwamba unapenda ugali wa nyumbani na ngano inakudhuru. Beba korosho za kukaanga na mayai ya kuchemsha kwa ajili ya safari, kwani stendi vya haraka ni sambusa na keki.

Nikila kwa bahati mbaya nifanye nini?

Hakuna dawa ya kuifuta. Kunywa maji, na ukiharisha changanya pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji safi. Pumzika, kula wali laini au uji wa mchele. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au kutapika kusikokatika, nenda hospitali, kwa sababu hapo huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Kama una aleji ya ngano na pumzi inabana, usisubiri hata dakika, mwambie uliye naye akukimbize.

Halafu andika ulichokula, umekila wapi na saa ngapi. Daftari langu la mwaka wa kwanza lilikuwa na kurasa nne, na tatu kati yake zilitaja karai lilelile.